Barua ya wazi kwa wakuu wa ulinzi: izimeni GPS wenyewe kabla hamjazimiwa

Waheshimiwa mawaziri wa ulinzi, wakuu wa majeshi, nanyi wabunge mnaopitisha bajeti za silaha,

Tarehe 5 Desemba 2001, kusini mwa Afghanistan, askari wa Marekani aliyekuwa akielekeza mashambulizi ya ndege alibadilisha betri ya kifaa chake cha GPS, yaani kipokezi kinachojua mahali kilipo kwa mawimbi ya setilaiti. Kilipowaka tena, kifaa kilionyesha mahali kilipo chenyewe, kama kilivyoundwa kufanya, si mahali alipo adui. Namba za mahali hapo zikasomwa redioni. Ndege ya B-52 ikaangusha bomu la takriban kilo 900, nalo likafika palepale lilipoagizwa: kwa Wamarekani wenyewe na Waafghani waliokuwa wakipigana upande wao. Wanajeshi watatu wa Marekani waliuawa pamoja na Waafghani kadhaa. Hamid Karzai, kiongozi wa Waafghani hao, ambaye siku hiyohiyo mkutano wa Bonn, Ujerumani, ulikuwa ukimchagua bila yeye kuwepo aongoze serikali ya mpito ya Afghanistan, alikuwa hapo, akajeruhiwa kidogo.

Siku ile hakuna adui aliyegusa mawimbi. Setilaiti zilisema kweli, bomu likatii. Kilichokosekana ni mtu wa kuitazama namba na kuuliza: hivi hapa si petu? Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kinachonikosesha usingizi zaidi kuliko mitambo yoyote ya adui. Kama watu hodari kiasi kile, wenye vifaa vya kweli, waliiamini skrini hadi ikawaua, itakuwaje siku ambayo namba zenyewe zimepikwa na mtu anayewatakia mabaya?

Mimi si mwanajeshi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufunga na kutengeneza vifaa vya urambazaji melini. Siandiki ili kufichua siri yoyote. Yote nitakayoyasema yanajulikana, na hapo ndipo aibu ilipo. Naandika kwa sababu majeshi mengi duniani yanaendelea kununua silaha zinazohitaji GPS kama samaki anavyohitaji maji, huku zoezi la kupigana bila GPS likibaki sentensi moja katika mpango wa mwaka.

Nianze na udhaifu wenyewe, maana nimegundua kwamba wengi wanaosaini mikataba hawajawahi kuelezwa. Setilaiti ya GPS huzunguka kilomita 20,200 juu ya ardhi. Nguvu inayorusha ni makumi ya wati tu, sawa na balbu ya zamani ya chumbani. Mpaka yakufikie, mawimbi yake yamefifia hadi kuwa chini ya kelele za kawaida za redio zilizopo kila mahali. Kipokezi huyapata kwa sababu kinaujua msimbo wake mapema na kuutafuta kwa subira ndani ya kelele, kama mzazi anavyoitambua sauti ya mwanawe katikati ya soko. Basi, anayetaka kukupoteza hana haja ya kushindana na jeshi lako. Anashindana na balbu iliyo kilomita elfu ishirini angani. Kifaa cha wati moja, kikiwekwa mahali pa wazi, kinatosha kukinyima kipokezi cha kawaida mawimbi hayo kwa kilomita kumi na zaidi.

Huko ndiko kuziba. Kipokezi kilichozibwa walau hulalamika: skrini inaganda, king'ora kinalia, unajua umepotea. Kughushi ni jambo jingine. Adui anarusha mawimbi yanayofanana na ya setilaiti, anayalinganisha na ya kweli, anayapandisha nguvu kidogo kidogo mpaka kipokezi kinayafuata ya kwake, halafu anaanza kukivuta. Hakuna king'ora. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, wakiongozwa na Todd Humphreys, walilifanya hilo kwa ruhusa ya wenye chombo kwenye jahazi la kifahari la mita 65, White Rose of Drachs, katika Bahari ya Mediterania. Chombo kikageuka kweli majini. Kwenye ramani ya skrini kikaonekana kinakwenda moja kwa moja. Mwaka mmoja kabla, watafiti hao walikuwa wameishusha droni kwa njia hiyohiyo katika uwanja wa majaribio wa White Sands, Marekani. Ni wasomi wa chuo kikuu hao, wala si idara ya ujasusi.

Juni 2017 mabaharia karibu na Novorossiysk, bandari ya Urusi kwenye Bahari Nyeusi, walitazama skrini zao wakaambiwa wako kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Meli zisizopungua 20, zote zimeegeshwa nchi kavu pamoja na ndege! Uongo ule ulikuwa mkubwa mno hata usimdanganye mtu. Uongo wa mita mia mbili ndio wa kuogopa.

(Kuna watakaotaka nitaje droni ya Marekani ya RQ-170 iliyoangukia mikononi mwa Iran Desemba 2011. Iran ilidai iliilaghai kwa mawimbi ya kughushi, Marekani ikakanusha. Sijengi hoja juu ya kisa ambacho kila upande una sababu ya kukisimulia kwa namna yake. Vipo vya kutosha visivyobishaniwa.)

Sasa tuje kwenye uwanja wa vita. Ukraine ilipopewa makombora ya mizinga ya Excalibur ya milimita 155, yanayoongozwa na GPS, yalikuwa ya kuogopwa. Ushahidi uliotolewa mwaka 2024 mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ulieleza kwamba mwanzoni yalipiga shabaha kwa kiwango cha asilimia 70; baada ya wiki sita hivi, Warusi walipokwisha kurekebisha mitambo yao, kiwango kilishuka hadi asilimia 6. Someni tena hapo, waheshimiwa: wiki sita. Zabuni zenu huchukua miaka. Mnapomaliza kupokea shehena, mafunzo yakaisha, sherehe ya makabidhiano ikapigwa picha, adui tayari amekuwa na muda wa kuiua silaha hiyo mara kadhaa kwa mitambo iliyofungwa kwenye magari na kwenye minara ya simu. Mfumo wa Kirusi uitwao Pole-21 hufungwa hasa kwenye minara kama hiyo.

Na walioko mstari wa mbele hawakukaa kusubiri. Tangu mwaka 2024 pande zote mbili zimekuwa zikirusha kwa wingi droni zinazofungua uzi mwembamba wa kioo nyuma yake, kilomita kwa kilomita, ili amri na picha zipite ndani ya uzi badala ya hewani. Karne hii ya setilaiti, askari wamerudi kwenye waya! Mimi hilo naliona kama ripoti ya kitaalamu iliyoandikwa na watu wasio na muda wa kuandika.

Nimewahi kusikia hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Anayeziba mawimbi anapiga kelele, na anayepiga kelele anajulikana alipo. Machi 2003, Marekani ilitangaza kwamba imeharibu mitambo sita ya Iraq ya kuziba GPS, na mmojawapo ulipigwa kwa bomu linaloongozwa na GPS hiyohiyo. Maofisa hukipenda sana kisa hiki, na haki yao. Lakini kiangalieni vizuri: ilikuwa mitambo sita, na anga lote lilikuwa la Marekani. Leo mtambo wa kuziba unaweza kuwa na bei ndogo kuliko bomu litakalotumwa kuufuata, na ukipigwa mmoja, mwingine umewashwa ng'ambo ya kilima. Kuwinda mitambo hiyo ni lazima, sipingi. Ila kazi hiyo inakuja baada ya askari wako kujua kuishi ndani ya kelele.

Kuna kosa jingine ambalo wauzaji hulifanya, sijui kwa kutojua au kwa kujua sana. Wanawaambia: kipokezi hiki kinasikia mifumo minne, GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, mmoja ukizimwa mitatu ipo. Dhidi ya setilaiti kuharibika, ni kweli. Dhidi ya adui mwenye kelele, hapana. GPS na Galileo zinatumia masafa yaleyale ya megahezi 1575.42, na BeiDou ya kisasa nayo iko hapohapo. GLONASS ni jirani tu, karibu na 1602. Kelele moja pana inaimeza mifumo yote minne kwa mkupuo. Ni kama nyumba yenye milango minne inayofunguka kwenye ukumbi mmoja, halafu ukumbi ukashika moto.

Na mifumo hiyo minne ina wenyewe. Mawimbi ya kijeshi yaliyofungwa kwa siri yana ufunguo, na ufunguo uko kwa mwenye setilaiti. Anampa rafiki, kwa masharti, na kwa muda anaopenda. Majeshi mengi duniani hayana ufunguo wowote. Yanatumia mawimbi ya wazi yaleyale yanayotumiwa na dereva wa teksi, kisha yanayaita uwezo wa kitaifa. Nguo ya kuazima haisitiri. Hata mwenye nguo mwenyewe anahangaika: setilaiti za kwanza zenye mawimbi mapya ya kijeshi ya Marekani, yaitwayo M-code, zilianza kurushwa mwaka 2005, lakini zaidi ya miaka kumi na mitano baadaye jeshi lao lilikuwa bado linatafuta vipokezi vya kutosha kwa magari, meli na ndege zake. Galileo nayo imeanza kutia sahihi ya kidijitali kwenye ujumbe wake wa wazi, jambo jema linalomtatiza mghushi. Mzibaji halimgusi kabisa.

Kuna pia suala la saa, na hili naona ndilo linalosahauliwa kuliko yote, kwa sababu mtu akisikia GPS anafikiria ramani. Setilaiti hizi kimsingi ni saa za atomiki zinazotembea. Redio za kijeshi zinazorukaruka kutoka masafa hadi masafa lazima zikubaliane saa, la sivyo hazisikilizani. Rada zinazounganishwa, mitandao ya data, hata mitambo ya simu, zote zinaweza kuwa zinachota saa kutoka angani bila mtu yeyote kwenye chumba cha amri kujua. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja kuukuu ya GPS ilipoondolewa kazini, data yenye kosa la saa la sehemu 13 za milioni ya sekunde ikarushwa. Hakuna aliyepotea njia, ila mitambo ya mawasiliano katika nchi kadhaa ilianza kulia ving'ora kwa saa nyingi. Hilo lilikuwa kosa la bahati mbaya la mwenye mali. Waulizeni maofisa wenu wa mawasiliano: saa zetu zinatoka wapi, na zikikatwa tunakaa muda gani kabla redio hazijaanza kutengana? Jibu likichukua zaidi ya siku moja kupatikana, mmeshapata jibu.

Niruhusuni kisa changu kidogo. Nahodha mmoja, mtu makini sana, aliniambia chombo chake kina "njia tatu" za kujua kilipo. Nikamwomba ruhusa tukiwa tumetia nanga, nikapanda juu na karatasi ya alumini ya jikoni nikaifunika antena. Niliposhuka chumba cha usukani kilikuwa kama harusi. Ramani ya kielektroniki inalia, rada inalia, usukani wa kujiendesha unalia, kifaa cha kutangaza mahali meli ilipo kinalia, hata saa ya ukutani ilikuwa inawakawaka. Njia tatu zote zilikuwa zinakunywa kwenye kisima kimoja. Lakini lililonibakia akilini ni lingine: kwa dakika nne nzima, maofisa wawili waliobobea walishughulika kunyamazisha ving'ora. Hakuna aliyetazama dirishani, na ufuo ulikuwa unaonekana vizuri kabisa.

Dakika hizo nne melini zilitugharimu kicheko. Ndani ya kifaru, au katika kikosi cha mizinga kilichosubiriwa kupiga, hesabu yake ni nyingine.

Basi ninachowaomba kwanza si fedha. Ni kuzima. Kwenye mazoezi, bila kutangaza, katikati ya siku ya pili ambapo watu wamechoka, amrisheni GPS ikatwe kwa kila kikosi, na zoezi liendelee. Msilisimamishe ili "kulinda ratiba". Siku nyingine msiikate. Ipotosheni kidogo, ndani ya vipokezi vya mafunzo, muone inachukua muda gani kabla koplo mmoja hajasema hii si kweli. Na akisema, asikaripiwe. Jeshi linalomwadhibu mtu kwa kuishuku skrini limekwisha mfanyia adui nusu ya kazi.

Fanyeni hilo kwa uangalifu, maana kuvuruga mawimbi hewani hakuchagui. Januari 2007 zoezi la jeshi la majini la Marekani bandarini San Diego liliziba GPS ya mji kwa bahati mbaya kwa saa mbili hivi, na ilichukua siku kadhaa kujua chanzo ni wao wenyewe. Mvurugo ukiwa wa makusudi madhara yanasambaa zaidi: kati ya Aprili na Mei 2012 uzibaji wa Korea Kaskazini uliathiri zaidi ya ndege 1,000 na zaidi ya meli 250 za upande wa kusini, na mwaka 2024 shirika la ndege la Finnair lilisitisha kwa mwezi mzima safari zake za kwenda Tartu, Estonia, kwa sababu ya mvurugo wa aina hiyo. Kwa mafunzo, kuchomoa antena au kutumia vipokezi vilivyopangwa kudanganya kunatosha mara nyingi, na hakumsumbui rubani wa abiria aliye juu yenu.

Kisha ununuzi. Kila mkataba wa silaha au droni uwe na kifungu kinachosema: itajaribiwa ndani ya kelele za kiwango tutakachotaja sisi, mbele ya watu wetu, kabla ya malipo ya mwisho. Nimeona maonyesho ya wauzaji. Anga safi, hali ya hewa safi, shabaha imekaa kwa adabu. Wekeni kizibaji kando ya uwanja muone nani anabaki kutabasamu. Mwulizeni pia antena ni ya aina gani. Antena yenye vipande saba inayoweza kujigeuza kiziwi kuelekea upande wa kelele inaweza kuwanyamazisha wazibaji hadi sita kwa pamoja. Ni ghali kuliko ile antena ndogo kama kitufe inayofungwa kwenye droni za bei nafuu, lakini si siri tena wala haitoki kwa mtengenezaji mmoja.

Kuhusu mbadala, msimwamini anayesema anao mmoja. Vifaa vinavyopima mwendo kwa ndani havizibiki, ila vinasahau: vile vizuri vya ndegeni hupotoka kama maili moja ya baharini kwa saa, na vile vya droni za bei rahisi hupotoka sana ndani ya dakika chache. Kamera inayolinganisha ardhi na ramani inafanya kazi mpaka ukungu utande au uwe juu ya bahari tupu. Makombora ya Marekani ya Tomahawk yalipigana mwaka 1991 bila GPS kabisa, kwa kusoma umbo la ardhi na picha za shabaha. Ndege ya upelelezi ya Marekani ya SR-71 ilijiongoza kwa nyota, na ilikuwa inaziona hata mchana. Mitambo ya redio ya ardhini ya kuongozea vyombo kwa masafa ya chini, ya ukoo wa mfumo wa zamani uitwao Loran, ina nguvu kubwa mno kwa mzibaji wa mfukoni. Marekani iliizima ya kwake mwaka 2010 na Uingereza mwaka 2015, wakati Korea Kusini, iliyokwisha onja kuzibwa, iliamua kujenga. Chuo cha jeshi la majini la Marekani kiliacha kufundisha kuongoza meli kwa nyota, kikarejesha mwaka 2015. Mnaweza kuanzia hapo hata kabla bajeti haijapita: ramani ya karatasi, dira, na mkufunzi aliyestaafu ambaye bado anakumbuka.

Ninajua jibu la kawaida la barua kama hii. Suala linashughulikiwa, taarifa zake ni siri. Sawa, mitambo iwe siri, masafa yawe siri, hata idadi ya vipokezi. Kuna kitu kimoja ambacho si siri na adui hafaidiki nacho, nami nawaomba wabunge wa kamati za ulinzi wakiulize katika kikao kijacho, kila mmoja katika nchi yake: zoezi la mwisho la kiwango cha brigedi lililoendeshwa kuanzia mwanzo hadi mwisho bila GPS lilifanyika tarehe ngapi? Tunaomba tarehe tu. Na kama hakuna, tunaomba tarehe ya la kwanza.

Wenu katika kazi,
Fundi wa vifaa vya urambazaji